Nyayo za Saturnino

Lima, 12 Novemba 1997

Mama Mkubwa Teodomira,

Shikamoo. Naanza kwa kuuliza mgongo wako, tumbo lako, na wale simbilisi wako, vipanya vya kufuga wanaolala jikoni, maana najua nikiwasahau hao barua hutaimaliza. Mimi ni mzima, ila nanuka. Bi Hortensia, mwenye nyumba wangu, amefungua mgahawa wa kuku wa kuchoma chini ya chumba changu, na mafuta yanapanda kwenye mbao za sakafu mpaka kwenye shuka. Nikijinusa kwapa nasikia paja la kuku. Nilidhani nimekimbia harufu nilipoiacha Chimbote na viwanda vyake vya unga wa samaki, kumbe nimebadilisha mnyama tu.

Habari kubwa ni kwamba maombi yangu yamekwenda Meksiko. Ni shahada ya uzamili ya utengenezaji filamu, Mama Mkubwa, siyo kupiga picha za harusi kama ulivyomwambia padri. Wanachukua watu wachache kutoka bara zima. Mwaka jana walinikataa, mwaka juzi pia, na mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka. Kwa hiyo hii ndiyo mara ya mwisho, na baada ya hapo nitachoma kuku.

Nimewapelekea ile filamu niliyopiga Agosti kwenye msiba wa Baba Mkubwa Saturnino: wewe na kina mama mkifua nguo zake mtoni siku ya tano ya msiba, mkinyunyiza majivu ya jikoni sakafuni chumbani jioni, halafu asubuhi zile nyayo juu yake. Walioiona hapa wanaacha kutafuna ikifika kwenye nyayo. Nimekuwekea nakala ya kanda kwenye mfuko huu, ni zawadi yako.

Usaili ulifanyika kwenye ofisi moja yenye zulia. Tulikaa kwenye korido, kila mmoja akimwombea mwenzake kigugumizi. Kulikuwa na kijana mmoja, Patricio, mtoto wa watu wazito, amekuja amevaa poncho, lile blanketi la wachunga llama wa milimani, yeye ambaye mlima ameuona kwenye kalenda. Akanishika bega akasema: "Wewe una bahati, ndugu yangu. Kwenu watu wanakufa vizuri." Nikacheka. Mpaka leo kile kicheko changu kinanitia kinyaa.

Majibu wamesema Januari. Niombee.

Mwanao,
Nilton

*

Chimbote, 3 Desemba 1997

Mwanangu Nilton,

Marahaba. Mfuko wako nimeupata kwa dereva wa basi, umebonyea lakini haukupasuka. Huku wote wazima isipokuwa mimi, na mimi usinihesabu.

Unalalamika kuku. Mimi nakuambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu nishuke kutoka milimani nimevuta hewa isiyonuka, na imenitia kichefuchefu. Bahari imepata moto kama maji ya kuogea mtoto, dagaa wamekimbia, viwanda vimefungwa. Wanaume wamekaa kwenye kona wanajikuna matumbo. Nguo zangu kwenye kamba zinanuka sabuni! Nani aliwahi kuona jambo la aibu namna hiyo Chimbote? Ile harufu unayoitemea mate ndiyo iliyomlisha Saturnino na ndiyo iliyokusomesha wewe baada ya mama yako kufa, kwa hiyo iheshimu.

Kanda nimeiweka kwenye kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria. Kuiangalia siwezi. Deki sina, na mtaa huu mwenye deki ni Eufemia. Unamjua Eufemia: yule aliyeelekeza maji ya karo lake kwenye ukuta wangu, ukavimba, ukaota ukungu wa kijani, na akaniambia mbele za watu kwamba ukuta wangu ulikuwa mbovu toka zamani. Nikamwombe huyo anioneshe marehemu mume wangu? Afadhali ninywe hilo karo.

Tumbo, kwa kuwa umeuliza, linauma upande wa kulia chini ya mbavu. Daktari amenionesha picha, anasema ni mawe kwenye nyongo na anataka kunipasua kabla nyongo haijapasuka yenyewe. Nimemwambia asijisumbue. Yeye kijana, hana ndevu, hajui mambo.

Simbilisi nimewagawa wote. Usiniulize kwa nini.

Nenda kanisani hata mara moja. Usile kuku wa huyo mwanamke kila siku.

Mama yako mkubwa,
Teodomira

*

Lima, 8 Januari 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Natumaini mvua ninazozisikia redioni hazijafika kwenye bati lako. Mimi sijambo, kama mtu anayesubiri anaweza kuitwa hajambo.

Januari imefika na Meksiko wamekaa kimya. Simu ya Bi Hortensia iko mgahawani, karibu na beseni la kuoshea kuku. Ikilia naruka ngazi, na kila mara ni mtu anataka robo kuku na viazi. Jana nimeandika oda mwenyewe kwa mkono wangu, mwenye digrii. Bi Hortensia akasema, "Una mwandiko mzuri, ungekuwa na faida hapa." Patricio naye anapiga kila asubuhi. "Umesikia chochote?" Nasema bado. "Hata mimi bado," anasema, na ninamsikia anavyopumua kwa raha. Nimeanza kumchukia kwa namna ambayo inanikosesha usingizi, na kibaya zaidi, siku asipopiga namsubiri.

Nakumbuka usaili kila saa. Mama mmoja wa jopo alirudisha kanda nyuma pale penye nyayo, akaniuliza, "Hizi hazikupangwa?" Nikamwambia kwetu vitu hivyo havipangwi. Akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali. Halafu akauliza kama kwetu kuna desturi nyingine "kama hizo". Kama hizo! Kama vile sisi ni duka na yeye ameona kilichopo dirishani akataka kujua cha stoo.

Sasa mbona umegawa simbilisi? Hao ulikuwa hukubali hata kuwachinja Krismasi bila ugomvi. Na hospitali usiifanyie mzaha. Daktari asiye na ndevu ana kisu kilekile cha mwenye ndevu.

Nilton

*

Chimbote, 27 Januari 1998

Nilton, mwanangu,

Marahaba. Bati limevuja pande mbili, mto umepanda, na kwenye barabara kuu kuna tope lenye mbwa waliokufa. Sasa harufu tunayo tena, ila hii haimlishi mtu.

Unaniuliza kama mtu ambaye hakuwepo. Ulikuwepo! Ulinisaidia kuchekecha majivu mwenyewe, ungo mkononi na ile mashine yako begani. Au ulikuwa umeziba masikio kwa vile vidude vyako vya kusikilizia? Basi nikueleze kama ninavyomweleza mgeni.

Tuliyanyunyiza majivu kutoka mlangoni mpaka kitandani, tukatoka wote, nikafunga mlango. Alfajiri nikaufungua mimi, mjane, kama inavyotakiwa, na wewe nyuma yangu na taa yako. Nyayo uliziona. Mama yangu, yaani bibi yako, alitufundisha hivi: marehemu akiwa ametembea kuelekea nje, ameondoka salama, watu wale wanywe waende zao. Lakini akiwa ameingia, akaja mpaka kwa mtu, na nyayo zisirudi, basi amekuja kumchukua huyo mtu, na mwaka hauishi. Saturnino aliingia. Alikuja moja kwa moja upande wangu wa kitanda. Hakurudi.

Kwa hiyo nikatibiwe nini? Nimeshona gauni la kahawia la kuzikiwa, nimelipia tundu la kaburi ukutani karibu na lake, safu ya chini ili msihangaike na ngazi. Kilichobaki ni kuvumilia majirani. Wanakuja kunitazama rangi ya macho, wananibonyeza mkono kama wanachagua parachichi, halafu wananipa salamu za kupeleka. Mmoja anataka nimwulize mumewe funguo za ghala aliziweka wapi. Mwingine ananiambia nimwambie mama yake kwamba yule ng'ombe hakuuzwa na yeye. Mimi nimekuwa posta ya wafu! Wananichukiza, wanakula biskuti zangu huku wakinipima kwa macho.

Wewe usilie. Soma shule yako.

Mama yako mkubwa,
Teodomira

*

Lima, 4 Februari 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo na ninajibu nikiwa nimesimama.

Nyayo zile si kitu. Majivu yanatitia yenyewe, yanachora maumbo, nimesoma. Labda ni paka. Labda kuna mtu alipita kabla hatujafunga mlango, nani alikuwa anaangalia? Tulikuwa tumechoka na tumekunywa. Nakuomba kwa jina la mama yangu, mdogo wako, kesho asubuhi nenda hospitali umwambie yule kijana akupasue. Nyongo ikipasuka tumboni hakuna desturi itakayokusaidia.

Meksiko wameandika kwamba wameahirisha majibu mpaka Aprili. Hawakusema sababu.

Jambo lingine dogo. Ile kanda niliyokutumia ina kasoro, sauti imeingiliana. Usiiangalie. Ifunge kwenye gazeti umpe dereva wa basi anirudishie, nitakutumia nzuri zaidi.

Nenda hospitali.

Nilton

*

Lima, 2 Machi 1998

Mama Mkubwa,

Sijapata neno kutoka kwako. Wanasema madaraja yameondoka na mabasi yanalala njiani, basi najiambia barua yako iko ndani ya basi moja lililokwama kwenye tope. Nampigia simu muuza dawa wa kona yako, simu hailii. Uko hai? Nauliza hivyo hivyo, bila adabu.

Huku mambo yamesogea. Nimo kwenye orodha ya mwisho. Bi Hortensia amenipa mabawa mawili ya bure na kunipigia makofi mbele ya wateja. Lakini chuo kinataka niandike ukurasa mmoja nieleze nilipataje ile picha ya nyayo: nilisimama wapi, nilihisi nini, "nilikuwa na uhusiano gani na lile fumbo". Nilikaa mbele ya karatasi nikainusa mikono yangu. Halafu nikaandika. Usiniulize niliandika nini. Patricio hayumo kwenye orodha, na aliponipigia kunipongeza alikuwa analia, na mimi nilifurahi sana kumsikia. Nakuambia hivyo ujue unamlea mtu wa namna gani.

Kuna jambo nataka kukueleza, ila si la kuandika. Barabara ikifunguliwa nitakuja nikwambie uso kwa uso. Kanda bado hujaituma. Usiiangalie, Mama Mkubwa.

Hospitali umekwenda?

Nilton

*

Chimbote, 25 Machi 1998

Nilton,

Barua zako mbili zimefika pamoja, zimelowa, zimeshikana kama mapacha. Barabara imefunguliwa tangu wiki iliyopita. Mabasi yamepita, malori yamepita, hata mwuza magodoro amefika kutoka Lima na magodoro yake. Wewe hukufika.

Nina habari ndefu, kaa chini.

Mtu anayekwenda mbele ya Mungu hawezi kwenda na karo la mwenzake rohoni. Padri aliniambia hivyo Jumatano ya Majivu na mimi nikakasirika, nikakaa na maneno yake, halafu nikaona ni kweli. Jumapili nilivaa viatu nikaenda kwa Eufemia. Alifungua mlango akadhani nimekuja na panga. Nikamwambia, "Eufemia, nakufa, nimekusamehe ukuta." Akaanza kulia. Analia vibaya yule, kamasi mpaka kwenye kidevu, na akanikumbatia hivyohivyo nikabaki na kamasi zake shingoni. Nikavumilia. Nikajisemea, hii ndiyo toharani, Teodomira, hapa unapunguza.

Akanikaangia viazi. Akasema, "Teo, basi niambie ukitaka chochote kabla hujaenda." Nikakumbuka kanda. Wewe umesema mara mbili nisiiangalie, na mimi nakujua tangu hujaota meno: ukikataza kitu ni kwamba umekivunja. Nikaenda nikaileta.

Tuliangalia tumekaa kwenye kochi lake lenye nailoni. Nilimwona Saturnino kwenye jeneza. Niliona nguo zake zinaelea mtoni. Mpaka hapo nilikuwa nakuombea baraka, kweli kabisa, nilisema kijana huyu ana jicho. Zikaja nyayo. Mimi nikajifunika uso. Eufemia akaendelea kutazama kwa sababu yeye hana haya, na mara nikamsikia, "Teo. Mbona mlango umefungwa?"

Nikamwuliza mlango gani.

"Wa chumba chako. Si umenieleza sasa hivi ni wewe uliyeufungua? Huu hapa, nyuma ya nyayo, umefungwa. Sasa aliyeshika kamera ameingiaje?"

Akasimamisha picha kwa kile kidole chake chenye mafuta. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mlango umefungwa. Mwanga wa taa yako unatoka upande wa dirisha, juu ya kitanda. Na nyayo zenyewe, Nilton! Asubuhi ile nilikuwa na machozi na watu wananivuta shali, sikuzitazama vidole. Juzi nimevitazama. Saturnino alikuwa na mguu mpana kama koleo, miaka yote kiwandani ameutumia kusukumia samaki. Hizi zilikuwa nyembamba, kidole cha pili kimepita kidole gumba. Mguu wa mdogo wangu, uliourithi wewe. Mguu niliouosha mimi kwenye beseni la bluu.

Uliingia mlangoni tumelala, ukaurudisha, ukavua viatu, ukatembea mpaka kitandani kwa sababu huko ndiko kuliko na dirisha. Ukapiga picha zako ukiwa umepanda juu ya kitanda chetu, ukatokea dirishani kama mwizi wa kuku. Ndiyo maana nyayo hazikurudi! Halafu ukaja kusimama nyuma yangu na taa, ukanipiga picha nikipiga magoti.

Nimetapika kwenye karo la Eufemia, lile lile. Akanishika kichwa. Ananiambia, "Tema, Teo, tema yote," na mimi nikifikiria kwamba mwanamke huyu nimemsamehe bure. Nilimsamehe kwa sababu nakufa, na sifi! Siwezi kumrudishia ugomvi wake sasa, ameshaniletea supu mara tatu. Simbilisi nao wameshaliwa. Gauni la kahawia linanitazama kutoka kwenye msumari.

Jumatatu naingia hospitali. Usifikiri nakwenda kwa sababu umeniomba. Natapika nikikutaja, na daktari amesema kutapika ni kubaya kwa nyongo.

Teodomira

*

Lima, 16 Aprili 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Muuza dawa amepokea simu hatimaye, akaniambia umetoka hospitali, unatembea kidogo, na kwamba umemtukana nesi. Nilikaa kwenye ngazi ya mgahawa nikashukuru. Wateja walikuwa wananiruka na sahani zao.

Unataka niseme. Niseme nini ambacho Eufemia hajakieneza mtaa mzima? Sikujua nyayo zinasomwaje. Nilitaka picha. Nilikuwa nimengoja usiku ule kwa moyo wote nione kitu, na nilijua asubuhi kutakuwa na majivu matupu na filamu isiyo na kitu, na kwamba nitakataliwa mara ya tatu. Ningejua maana yake ningetembea kuelekea nje. Naapa.

Nilipopata barua yako ya Januari nilijua nimefanya nini. Kila siku niliamka nikisema leo namwandikia, halafu simu ya chini inalia nakimbia. Ndivyo ilivyokuwa. Naona kinyaa kujisoma.

Majibu yamekuja Jumanne. Nimechukuliwa. Wameniandikia kwamba jopo zima lilikubaliana bila ubishi, na kwamba ile picha ya nyayo ina "ukweli ambao hakuna mtu angeweza kuutunga". Nilipiga kelele mpaka Bi Hortensia akadhani nimeungua. Nilipiga kelele za furaha, Mama Mkubwa, sitakuficha. Ilikuwa muda mfupi. Halafu nikaisoma tena ile sentensi nikatamani kuoga, na maji ya hapa yananuka kuku.

Wanataka jibu langu kabla ya mwisho wa Mei. Sema neno moja tu. Ukiniambia nikatae, nakataa leo hii na kuwaandikia kwa nini. Ukiniambia niende, nitakwenda. Nitafanya utakavyosema.

Mwanao,
Nilton

*

Chimbote, 20 Mei 1998

Nilton,

Kidonda kimefunga. Daktari asiye na ndevu alinipa mawe yangu kwenye kichupa, machafu, ya rangi ya nyongo, na akaniambia kwa fahari nitaishi miaka mingi. Eufemia bado ananiletea supu. Ina chumvi nyingi, nainywa. Dagaa wameanza kurudi na kiwanda kimoja kimewasha tanuri, kwa hiyo tunanuka tena na watu wanacheka barabarani.

Umeniandikia kwamba ungejua ungetembea kuelekea nje. Yaani ungenidanganya vizuri zaidi. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka nimechoka, na nadhani wewe mwenyewe huoni ubaya wake, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yote.

Halafu unaniuliza uende au usiende. Ulipoamua nife hukuniuliza, na hili pia usiniulize. Unataka nikukataze ili uwe mtu mwema aliyeacha kila kitu, au nikuruhusu ili uende umetakaswa. Hivyo vyote viwili sikupi. Hao watu wa Meksiko wamekuchukua kwa miguu yako, wajue wasijue. Kama utawaambia ni yako, waambie. Kama hutawaambia, ukae na uongo huo. Mimi sitawaandikia, wala kanda sitaivunja, iko hapo karibu na Bikira.

Lakini kuna jambo hukulielewa, na ni lazima ulijue kabla hujapanda ndege au hujaanza kuchoma kuku. Ulidhani miezi ile yote nilikuwa naogopa. Ulinihurumia. Nenda hospitali, nenda hospitali, kana kwamba mama yako mkubwa amejikunyata chini ya blanketi anatetemeka.

Sikuogopa hata siku moja. Nilikuwa na furaha, Nilton. Saturnino hakuwa mtu wa maneno. Alinioa kwa sababu kaka zake walimwambia umri unakwenda. Alikuwa akirudi kutoka kiwandani anaoga, anakula, anageukia ukuta. Hakunipiga, hakunitukana, na maisha yetu yote hakuwahi kuniambia njoo. Sikuwahi kujua kama ananitaka au amenizoea tu, na mtu kama yule humwulizi. Halafu amekufa, na asubuhi ile nafungua mlango naona ametembea moja kwa moja mpaka upande wangu. Hakwenda kwenye kofia yake wala kwenye redio yake. Amekuja kwangu! Nikasema moyoni, kumbe. Kumbe siku zote.

Niligawa simbilisi nikiimba. Nilishona lile gauni, nikalipunguza kiunoni, mzee mzima, ili anikute niko vizuri. Wale wanawake walikuwa wakinibonyeza mikono na mimi nawaonea huruma, kwa sababu wao waume zao hawakuwafuata.

Sasa nimepona na nina miaka mingi mbele, amesema daktari. Nalala upande wangu wa kitanda, najua kwamba usiku ule Saturnino hakuja. Hakuja hata mlangoni.

Ni mimi,
Teodomira, mjane